Mchezo umekufa, kazi imebaki: kisa cha Tiny Speck

Mtu anayeacha kampuni kubwa kwenda kampuni changa akiulizwa kwa nini, jibu la kwanza huwa hisa. Hata asipolitamka, limo kichwani: huenda siku moja kampuni hii ikawa kubwa, na mimi niliyeingia mapema nitakuwa na kipande changu. Sina ugomvi na ndoto hiyo. Shida yake ni kwamba inazifunika faida nyingine ambazo hazisubiri kampuni ifanikiwe, na kwa maoni yangu hizo ndizo zinazofaa kumfanya mtu aikubali kazi ya namna hiyo au aikatae.

Njia nzuri ya kuzipima ni kutazama siku mambo yalipoharibika. Mlango ukifungwa, mfanyakazi anatoka na nini mkononi? Nimechukua kampuni iitwayo Tiny Speck kwa sababu siku yake mbaya inajulikana kwa tarehe, na kwa sababu siku hiyo iliwagawa watu wa ofisi moja mafungu mawili. Waliobaki ndio waliokuja kutengeneza Slack, programu ya wafanyakazi kuandikiana ujumbe, na kisa chao kimesimuliwa mpaka kimechuja. Hapa nitakaa zaidi na walioondoka.

Kuku wa kuminywa

Tiny Speck ilianzishwa mwaka 2009 na watu wanne: Stewart Butterfield, Eric Costello, Cal Henderson na Serguei Mourachov. Hawakuwa wageni wao kwa wao. Wote walikuwa wamefanya kazi Flickr, ile tovuti ya kuhifadhi na kuonyeshana picha. Flickr nayo ilizaliwa kwa njia ya ajabu: kampuni ndogo ya Vancouver, Ludicorp, ilikuwa ikitengeneza mchezo wa mtandaoni uitwao Game Neverending, mchezo ukakwama, na ile sehemu ya kupeana picha ikageuzwa kuwa tovuti mwaka 2004. Yahoo ikainunua Machi 2005. Lishike jambo hili, nitalirudia.

Miaka minne baada ya kuiuza, wakarudi kule kule kwenye mchezo. Safari hii uliitwa Glitch. Wachezaji waliishi katika dunia iliyomo ndani ya mawazo ya majitu 11, na hapakuwa na kuuana. Uliminya kuku ili akupe nafaka. Ulimng'ata nguruwe kidogo, naye akakuachia nyama bila kinyongo. Kipepeo ulimkanda kwanza, kisha ukamkamua maziwa. Kila kitu kilichorwa kwa rangi na kwa upendo mwingi, na waliouzoea mchezo huo waliupenda kwa dhati.

Ila walikuwa wachache. Ulifunguliwa kwa watu wote tarehe 27 Septemba 2011, na kabla mwaka haujaisha wenyewe wakaurudisha kwenye hatua ya majaribio. Wengi waliojiandikisha walizunguka dakika chache, hawakuelewa wanatakiwa kufanya nini, wakaondoka. Juu ya hayo mchezo ulijengwa kwa Flash, teknolojia ya kuendesha michezo na video ndani ya kivinjari, ambayo iPhone haikuipokea. Steve Jobs, mkuu wa Apple wenye iPhone, alikwisha kuandika barua ya wazi Aprili 2010 kueleza kwa nini, na Novemba 2011 Adobe, wenye Flash, wakatangaza kuacha kuiendeleza kwa ajili ya simu. Dunia ilikuwa inahamia kwenye simu, na Glitch haikuweza kuifuata bila kujengwa upya.

Tarehe 14 Novemba 2012 walitangaza kwamba wanaufunga. Kampuni ilikuwa na watu 40 na ushei, kati ya Vancouver, San Francisco na New York: wachoraji, waandishi wa programu, watunzi wa muziki, watu wa kuwasaidia wachezaji. Wakabaki wanane.

Butterfield amesimulia baadaye jinsi alivyosimama mbele ya wafanyakazi kuwaeleza. Kabla sentensi ya kwanza haijaisha alikuwa analia. Macho yake yalikutana na ya mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimshawishi aache kazi na ahamie mji mwingine na mkewe na mtoto wao mdogo, na ambaye alikuwa ndio kwanza amenunua nyumba. Mtu huyo ndiye ninayemfikiria katika sehemu yote iliyobaki. Nyumba ina deni, mtoto ni mdogo, na kazi haipo. Faida iko wapi?

Tuanze na hisa, tuzimalize

Kwa kawaida ya kampuni changa za Marekani, mwajiriwa hapewi hisa zenyewe. Anapewa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyowekwa siku alipopewa. Haki hiyo huiva taratibu, kwa kawaida miaka 4. Ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia, huna kitu. Ukitimia, robo imeiva, na iliyobaki inaendelea kuiva mwezi hadi mwezi. Siku ukiondoka, hata kama ni wao waliokuondoa, mara nyingi una siku 90 za kutoa fedha zako mfukoni na kununua zile zilizoiva. Siku hizo zikipita, haki imekufa.

Sasa jiweke kwenye viatu vya yule mwenye nyumba mpya. Bidhaa pekee ya kampuni imefungwa. Unaambiwa unaweza kununua hisa za kampuni hiyo kwa akiba yako, nawe huna mshahara. Kuna jambo jingine: wawekezaji huwa na hisa za aina yao, zinazowapa haki ya kurudishiwa fedha zao kabla ya wafanyakazi kuguswa. Tiny Speck ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 17 na imebakiwa na kama milioni 5. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Kama wangegawana kilichopo siku hiyo, wenye hisa za kawaida wangeondoka mikono mitupu.

Na hapo ndipo kisa kinapouma, kwa sababu sote tunajua kilichofuata. Hisa za kampuni hiyo hiyo, ikiitwa Slack, zilianza kuuzwa kwenye Soko la Hisa la New York tarehe 20 Juni 2019, na biashara ikafunguka kwa dola 38.50 kwa hisa. Kwa kuwa waliingia sokoni moja kwa moja bila kutoa hisa mpya, hapakuwa na kile kipindi cha miezi kadhaa ambacho wafanyakazi hukatazwa kuuza. Aliyetaka kuuza siku hiyo aliuza. Desemba 2020 Salesforce, kampuni kubwa ya programu za biashara, ikatangaza kuinunua Slack kwa dola bilioni 27.7.

Kati ya yule aliyeambiwa Novemba 2012 "wewe bado tunakuhitaji" na yule aliyeambiwa "pole," tofauti haikuwa bidii. Mchoraji wa Glitch hakuwa mvivu kuliko mwandishi wa programu aliyeketi meza ya pili. Ni kwamba kilichobaki kutengenezwa hakikuhitaji wachoraji wa kuku. Kwa hiyo mtu akikuambia faida ya kampuni changa ni hisa, anakueleza habari za bahati nasibu ambayo tiketi yake hulipiwa kwa mshahara. Ikate ukipenda, lakini uliza kwanza: kipande ninachopewa ni asilimia ngapi ya hisa zote, si idadi yake tu, na nikiondoka nina siku ngapi za kununua. Msaili akikwepa maswali hayo mawili, huna haja ya kuuliza la tatu.

Walichokiona wakiwa kazini

Tuingie sasa kwenye faida yenyewe, na tuiangalie kwa karibu.

Kwa kuwa watu walikuwa miji mbalimbali, Tiny Speck waliwasiliana kwa IRC, mfumo wa kuzungumza kwa maandishi uliobuniwa Finland mwaka 1988. IRC ni rahisi na haina mapambo, na ilikuwa na kasoro moja kubwa: kama hukuwa umeunganishwa wakati jambo linasemwa, umelikosa. Mwenzako wa New York anaamka, anaandika uamuzi, anazima kompyuta. Wewe wa Vancouver unaamka baadaye na hukuti kitu.

Wakaandika kiprogramu cha kuhifadhi kila ujumbe. Ujumbe ukishahifadhiwa, mtu anataka kuutafuta, basi wakaongeza kutafuta. Kisha mtu akipandisha faili kwenye seva inabidi aje kuwaarifu wenzake. Wakaifanya seva itangaze yenyewe ndani ya mazungumzo. Likija kero jingine linaongezewa kiraka kingine. Hakuna aliyeketi na kusema tutengeneze bidhaa. Kero ikizidi, mtu anaichukulia saa moja au mbili, anaitatua kwa uchache unaotosha, anarudi kwenye mchezo.

Linganisha na kampuni yenye watu 40,000. Kero ile ile ikitokea, unajaza fomu, inakwenda kwa idara ya mifumo, inajadiliwa na kamati, na baada ya miezi unaletewa programu iliyonunuliwa na mtu asiyeijua kazi yako. Sisemi kwamba ni vibaya. Kampuni ya watu 40,000 haiwezi kuendeshwa kwa viraka. Nasema mfanyakazi wa pale hapati kuona jambo ambalo kila mtu wa Tiny Speck, hata mchoraji, hata wa huduma kwa wachezaji, aliliona kwa macho yake: kifaa kinavyozaliwa kutokana na kero, kinavyokua, na kinavyogeuka kitu ambacho hakuna tena anayeweza kufanya kazi bila hicho. Wale wanane walipokaa kujiuliza wafanye nini, jibu lilikuwa mbele yao. Walikuwa wamelitumia miaka mitatu.

Uoni huo hauzuiliwi mlangoni. Aliyeachishwa kazi aliondoka nao sawasawa na aliyebaki.

Niongeze ushahidi wangu, ingawa ni mdogo. Niliwahi kukaa miaka miwili kwenye kampuni ya watu tisa. Niliajiriwa kuandika maelezo ya bidhaa. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa napokea simu za wateja, nafuatilia ankara ambazo hazijalipwa, na siku moja mimi na mwanzilishi tulikuwa chini ya meza tukibishana ni waya upi wa intaneti uchomolewe. Kampuni ile haipo tena. Kazi iliyofuata sikuipata kwa yale maelezo ya bidhaa. Niliipata kwa sababu nilipoulizwa kwa nini wateja huchelewa kulipa, nilikuwa na jibu, na jibu lilitokana na simu mia moja hivi nilizopiga mwenyewe.

Upande wa pili wa faida hii naujua pia. Kufanya kila kitu kunachosha, na mtu anaweza kutoka akijua mambo kumi nusunusu bila hata moja kikamilifu. Anayeanza kazi na anahitaji kufundishwa fani yake kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na mtu aliyeifanya miaka 20, pengine kampuni kubwa itamfaa zaidi. Kwenye kampuni changa mwalimu wako mara nyingi ndiye pia mwuzaji, mhasibu na mtu wa kufungua ofisi asubuhi. Hana saa ya kukufundisha. Utajifunza kwa kumwangalia.

Kazi yenye sahihi yako

Wachoraji wa Glitch walipata kitu ambacho wachoraji wengi wa michezo hawakipati kabisa. Novemba 2013, mwaka mmoja baada ya kufunga, Tiny Speck iliachia michoro ya mchezo pamoja na sehemu kubwa ya programu yake iwe mali ya umma. Yeyote aichukue, aitumie, hata kwa biashara, bila kuomba.

Mtu asiyeishi kwa kuchora anaweza kuona hiyo ni zawadi kwa wachezaji. Kwa mchoraji ina maana zaidi. Kazi ikifa ndani ya kampuni kubwa, hufa kimya, michoro ni ya kampuni, umetia sahihi mkataba wa kutunza siri, na kwenye usaili unabaki kusema "nilifanya kazi nzuri lakini siwezi kukuonyesha." Hawa waliweza kufungua ukurasa na kusema: mti huu ni wangu, kuku huyu ni wangu.

Hata kabla ya hapo, kampuni ilipotangaza kufunga iliweka hadharani ukurasa wa kuwatambulisha wafanyakazi wake kwa waajiri wengine, na viongozi wakawasaidia kwa wasifu na barua za kuwapendekeza. Wachezaji waliokuwa wamelipia walipewa kuchagua: warudishiwe fedha, zipelekwe kwa mashirika ya hisani, au waiachie kampuni.

Tusijidanganye kwamba kila kampuni changa hufanya hivi. Nyingi hufunga zikiwa zimekauka, mshahara wa mwezi wa mwisho haujalipwa na mwanzilishi hapokei simu. Uungwana wa Tiny Speck uliwezekana kwa sababu walifunga wakiwa na fedha benki. Butterfield alifika mahali akaona mchezo hautapona, ingawa bado angeweza kuuendesha kwa miezi mingi, akaukata. Angengoja mpaka senti ya mwisho, machozi yangekuwa yale yale lakini hapangekuwa na cha kumlipa anayeondoka, wala hao wanane wasingekuwa na mtaji wa kuanzia. Alikuwa tayari kuwarudishia wawekezaji kilichobaki; wao wakataka ajaribu kitu kingine.

Kwa mtafuta kazi, hapa pana swali la thamani kuliko yote ya hisa: mna fedha za miezi mingapi, na mtajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Mwanzilishi aliyewahi kulifikiria atakujibu bila kubabaika. Asiyewahi atakuambia habari za ndoto yake.

Watu

Rudi sasa kwenye lile nililokuomba ulishike. Waanzilishi wanne wa Tiny Speck walikuwa wafanyakazi wenza wa zamani, waliofahamiana katika kampuni iliyokuwa na watu wachache na iliyogeuza mchezo ulioshindwa kuwa Flickr. Mwaka 2009 hakuna aliyehitaji kumsaili mwenzake. Kila mmoja alikwisha kumwona mwingine usiku seva ilipoanguka, alikwisha kujua nani hukasirika na nani hutulia, nani akisema kesho anamaanisha kesho.

Katika ofisi ya watu wachache huwezi kujificha, na hilo hukata pande zote mbili: uvivu unaonekana, na uhodari unaonekana. Kwenye kampuni kubwa kazi yako huonwa na msimamizi wako, na sifa yako huandikwa kwenye fomu ya tathmini ambayo hutatoka nayo. Kwenye kampuni ya watu 40, mtu atakayeanzisha kampuni nyingine miaka mitano ijayo huenda amekaa viti viwili kutoka kwako, na tayari ameshaamua kama atakupigia simu.

Ndiyo maana siichukulii kuwa sadfa kwamba Butterfield alianguka mara mbili kwenye michezo na mara zote mbili akainuka na kitu kikubwa, akiwa na baadhi ya watu wale wale. Mchezo ulikuwa sababu ya kukutana. Kilichofanya kazi ni ule mkusanyiko.

Baada ya hapo, kwa kifupi

Wale wanane walikichukua kile kifaa chao cha mazungumzo, wakakiandika upya kiwe cha watu wengine, wakawabembeleza marafiki wenye kampuni wakijaribu. Mmoja wa wa kwanza ilikuwa Rdio, kampuni ya muziki, na huko waligundua kwamba kilichowafaa watu wanane kinavurugika kikitumiwa na mamia. Agosti 2013 walipokitangaza, kampuni 8,000 ziliomba kuingia siku ya kwanza. Februari 2014 kikafunguliwa kwa wote. Jina Slack ni ufupisho wa maneno yanayomaanisha kumbukumbu ya mazungumzo na maarifa yote unayoweza kuitafuta. Yaani ni ile kero ya IRC, imepewa jina.

Michoro ya Glitch nayo haikukaa kabatini. Kwa miaka mingi mtumiaji wa Slack aliyekosea anwani ya ukurasa alitua kwenye mandhari ya rangi yenye nguruwe na kuku wakitembea, bila kujua wametoka wapi. Na kwa kuwa michoro iliachiwa huru, mashabiki walijipanga kuijenga upya dunia ile kwa mikono yao, kundi moja baada ya jingine. Kuku waliochorwa na watu walioachishwa kazi Novemba 2012 bado wanaminywa.